Stika ya Mtu wa Ndani

Bwana Kipingu, tajiri aliyejitwalia tangi la maji la mtaa, alimwamuru Sihaba, fundi wa mabango: "Hapo palipoandikwa TANGI LA WOTE, ziba hilo WOTE kwa jina langu."

"Nitumie stika ya nje au ya ndani?"

"Mimi nimezaliwa hapa! Mtu wa nje ni wewe. Bandika ya ndani!"

"Sibishani na mwenyeji," Sihaba akasema, akabandika.

Siku ya uzinduzi jua liliwaka. Kipingu akihutubia, jina lake lilijikunja nyuma yake, likadondoka. Mgeni rasmi akasoma kwa sauti, "Tangi la wote!" Umati ukalipuka kwa vigelegele, na mgeni akampa Kipingu mkono kwa ukarimu huo.

Kipingu akamnong'oneza Sihaba, "Umenibandikia nini?"

"Ya ndani, mwenyeji. Inayovumilia jua ni ile ya watu wa nje."