Barua ya Kumtuliza Mke

Sajini Mabruki alimweka Shehoza, fundi viatu, mahabusu siku nne bila kosa, na alipoulizwa sababu akamvimbisha jicho. Siku ya kufunguliwa, Shehoza hakuondoka.

“Afande, mimi mwanaume suruali tu. Mke wangu akikohoa, naingia uvunguni. Atasema nilikuwa kwa kimada. Niandikie barua.”

“Niandike nini?” sajini akauliza huku akicheka.

“Kwamba ulinifungia siku nne bila kosa. Na jicho ni ngumi yako, asije akadhani nimefumaniwa.”

Sajini akaandika, akatia sahihi, akagonga muhuri. Shehoza akaipeleka barua mahakamani, akamshtaki.

“Mwandiko huu ni wako?” hakimu akamuuliza sajini.

Sajini akajitetea. “Mheshimiwa, niliandika kumwokoa na mkewe.”

Hakimu akamgeukia Shehoza. “Mkeo yuko wapi?”

“Kwa sura hii, mheshimiwa, nani angenikubali? Sijaoa.”