Maharage ya Wakwe

Umewahi kumwona mwizi akiwa wa kwanza kupiga yowe la "mwizi"?

Bwana Lugome, tajiri wa mashine za kusaga, aliwaalika wakwe zake uani wale maharage kwa nyama. Mpishi wake, Bi Sikudhani, alibandika chungu, akapalia makaa juu ya kifuniko, akaenda kukatakata kachumbari. Kurudi, akamkuta tajiri anafoka mbele ya wakwe, kidevu kinang'aa mafuta.

"Chungu kina maharage matupu! Nyama yangu iko wapi, mama? Leo utalala rumande!"

"Nyama si neno, baba," Sikudhani alijibu huku akijifuta machozi yasiyokuwapo. "Kinachonitisha ni mwiko wa marehemu bibi yangu. Kuna mtu kauvunja."

"Kauvunja?"

"Kauvunja, baba. Na aliyeuvunja, tumbo lake litavimba mpaka lipasuke hapa hapa."

Wakwe walishtuka. Bwana Lugome alijishika tumbo, akakimbilia jikoni, akauchomoa mwiko nyuma ya kuni na kuuinua juu wote wauone.

"Uongo mtupu! Huu hapa, mzima! Nimechota nao nyama yote, na haukupata hata ufa!"