Jina la Mtoto wa Nakundwa

Hapo zamani, si zamani za mababu bali juzijuzi tu, huko Upareni, Nakijwa aliketi hospitalini kando ya kitanda cha bintiye, akiogopa hata kufumba macho. Nakundwa alikuwa mjamzito. Bakteria walikuwa wameingia kwenye damu yake, na kila alipovuta pumzi kifua kilikoroma.

"Dawa ya kuua bakteria tumempa," alisema Daktari Namsifu. "Sasa kinachomuumiza ni seli zake za kinga. Kuna protini inayonasa kwenye sukari iliyo juu ya seli hizo. Ikizidi, zinapandwa na hasira, zinashambulia mapafu."

"Mapafu yake mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Mtafiti mmoja, Eliapenda, alikuwa ametengeneza dawa ya kuizuia protini hiyo. Aliyekwisha kuijaribu ni mgonjwa mmoja tu: Navoneiwa, wa kitanda cha jirani, aliyekubali kwa kauli yake. Akapewa mapema mno. Seli zikatulia, bakteria wakazaana, akafa. Nakijwa aliwaona wakimfunika shuka, na moyoni akashukuru kwamba si binti yake.

"Mpeni sasa!" alilia Nakijwa, kucha za Nakundwa zilipogeuka bluu.

"Tungoje bakteria wapungue kwanza," alisema Namsifu. "Damu ya Navoneiwa ndiyo iliyotufundisha."

"Mnangoja afe?"

Wakangoja. Nakijwa aliushika mkono wa bintiye, akausikia ukipoa. Hatimaye bakteria wakapungua, na Namsifu akamchoma sindano ya ile dawa. Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Nakundwa akapona, akajifungua mtoto wa kike.

Kumpa jina ilikuwa kazi ya bibi yake, Nakijwa.

"Aitwe Eliapenda," alisema mkwe wake, mume wa Nakundwa. "Bila yeye dawa isingekuwepo."

"Aitwe Namsifu," alisema Nakundwa. "Dawa ilikuwepo, na ingeniua kama ningepewa mapema. Yeye alithubutu kungoja, huku wewe, mama, ukimfokea."

Mlangoni mwa nyumba yao alisimama Kallage, mume wa marehemu Navoneiwa, kofia mkononi.

"Sidai kitu," alisema. "Ila hao wawili walifanya kazi yao, jioni wakarudi nyumbani. Mke wangu hakurudi."

Nakijwa alimtazama mjukuu wake, akajiuliza: ampe mtoto mchanga jina la mtu aliyefia kitanda cha jirani? Na asipompa, atamtazamaje Kallage usoni?

Wote walikuwa wakimngojea yeye. Haya, ninyi mnaonisikiliza: kati ya watatu hao, nani alistahili jina la mtoto?