Kochi Lililolala Gesti

Mzee Chaurembo, muuza makochi ya kulipia kidogo kidogo, aliwaganda wabunge, suti ya kuazima ikimbana makwapa, mpaka wakapitisha sheria: kochi ni la duka hadi mteja amalize deni.

Bi Siwatu, mwenye gesti, alipokwama kwenye malipo ya mwisho, mzee alimfuata na mkokoteni kulichukua kochi, mjumbe wa mtaa akiwa shahidi.

“Kochi la nani?” Bi Siwatu aliuliza.

“Langu tangu siku ya kwanza! Sheria niliihangaikia mwenyewe.”

“Sema kwa sauti, mjumbe wa mtaa asikie.”

Akasema, kifua mbele.

“Basi limelala kwangu mwaka mzima. Hapa kila kinacholala hulipiwa kwa usiku.”

Mzee akajicheka: mchimba kisima kaingia mwenyewe.

“Kochi lako, mama. Tangu siku ya kwanza.”

“Sema kwa sauti, mzee wangu, mjumbe asikie.”