Umpendaye Mwulize Panapomuuma

Umpendaye mwulize panapomuuma. Mmelisikia neno hilo leo kwa Naetwe, mkadhani ni la enzi za mababu. Si la zamani hivyo, wajukuu zangu. Nilikuwepo lilipozaliwa, na lilianza hivi.

Shemeji yangu Zefania, mume wa marehemu dada yangu, aliishi peke yake hapa Usangi. Wanawe, Eliamani na Naetwe, walikuwa mjini. Watoto wale walimpenda baba yao, tena sana. Alipozidi kuzeeka wakakubaliana kumkatia bima ya afya, wakaja na wakala mpaka nyumbani. Vifurushi vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa cha kulazwa: hospitali kubwa za mjini, chumba cha peke yako, upasuaji wa moyo. Kingine kilikuwa cha kliniki, dawa za kila mwezi, macho na meno, kwenye hospitali ya wilaya. Walichagua kile kikubwa, bila shaka. Mtoto aliyefanikiwa atamkatiaje baba yake bima ya meno?

Baba mwenyewe hawakumwuliza. Msiwacheke. Kwetu Upare mtoto hamhoji mzazi habari za mwili wake. Ni kama kumvua nguo mbele za watu. Naye mzazi hasemi, asije akaonekana analalamikia wanawe. Kwa hiyo Eliamani alipomweleza, Zefania alijibu tu, "Mtakavyo ninyi, wanangu." Wakala akawaambia kuwa kadi ikishatoka, kifurushi hakibadiliki mpaka mwaka uishe. Akatoa kalamu.

Mimi nilikuwa nimekuja kusalimu. Nilitundika koti langu kitini, nikaingia jikoni kutazama chai. Niliporudi nikamkuta Zefania amelielekea lile koti, analiuliza habari za kuku wangu. Wanawe waliona, wakainamisha vichwa kwa haya.

Lakini mimi si mwanawe. Shemeji ni mtani, na mtani ana ruhusa.

"Shemeji," nikamwambia, "koti halijui habari za kuku. Macho yako yamekwenda wapi?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akatulia, akasema polepole, "La kulia limezimika tangu masika. La kushoto nalo linaniaga. Moyo wangu ni mzima, sijui kwa nini wanauhangaikia."

Nikamgeukia wakala. "Mwanangu, hicho cha moyo kinatibu macho?"

"Hapana, bibi. Kinachotibu macho ni kile cha pili."

Eliamani akajishika kichwa. "Mama mdogo, tungemwulizaje? Huyu ni baba."

"Umpendaye mwulize panapomuuma," nikamjibu. "Heshima yenu ilikuwa inampofusha." Nilisema kwa hasira, kwa kweli, maana nilimwona dada yangu akiondoka vivyo hivyo, kimya kimya.

Wakachukua cha pili. Daktari wa wilaya alikuta mtoto wa jicho kila upande, akasema angechelewa mwaka mwingine, la kulia lingepotea kabisa. Akamfanyia upasuaji, jicho moja kwanza, kisha la pili.

Siku ya kuondolewa bandeji ya mwisho sote tulikuwepo. Zefania alimtazama Eliamani kwa kitambo, kuanzia mvi mpaka shati lililomzidi. Nilidhani atamshukuru. Badala yake akamshika mkono.

"Mwanangu, umekonda. Unaumwa wapi?"

Mwanamume mzima yule, aliyezoea kuamrisha watu ofisini, akalia mbele yetu.

"Tumbo, baba. Siku nyingi sasa. Sijamwambia mtu."

Baba yake hakumwachia mkono. Alimwongoza mwenyewe hadi kwa daktari, akimwonyesha ngazi ilipo. Vilikuwa vidonda vya tumbo, havijafika mbali, na dawa zikamponya.

Ndiyo maana Naetwe hachoki kulisema. Umpendaye mwulize panapomuuma. Nawe ukiulizwa, sema.