Semkiwa Aliyetumwa Daraja

Mmewahi kucheka mpaka mbavu zikauma, halafu mkagundua anayechekwa ni mama yenu? Mbona kimya? Haya, kaeni vizuri.

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa mdomo!
— Ukafanya nini?
Ukala kwao!
— Lete ngano!

Hapo kale, kale ya juzijuzi, ahadi zilipokuwa tayari zimeshavumbuliwa, palikuwa na kijiji kinaitwa Kilimani. Chini yake mto. Ng'ambo ya mto, hospitali, soko, na jumba la Jumbe. Daraja? Hakuna. Zero.

Kilimani aliishi kijana Semkiwa, malenga na mtunzi wa visa vya kuchekesha. Akitunga shairi, wazee wanatikisa vichwa. Akitunga kisa, wazee hao hao wanashika mbavu. Kazi ya mshahara hakuwa nayo. Msinicheke mimi, simulizi ni ya Semkiwa.

Siku moja mama yake, Bi Mkunde, akamwita.

"Mwanangu, huo mdomo usiishie kutuchekesha sisi. Nenda kwa Jumbe. Mwambie tunataka daraja."

"Tu, mama?"

"Daraja tu. Usiongeze chumvi."

Chumvi! Umwambie mpishi asiongeze chumvi!

Semkiwa akavuka maji, akafika kwa Jumbe, akakuta karamu. Akaona nyuso zimenuna, akajisemea, "Nianze na kisa kidogo, nilainishe." Akasimulia shule ya Kilimani, jinsi mbuzi anavyoingia darasani na mwalimu anaita majina, mbuzi anaitikia "mee," anaandikwa yupo. Jumbe akacheka, akacheka, akamwaga mchuzi kwenye kanzu.

"Kijana, wewe ni hazina! Mpeni kanzu mpya! Ulikuwa na neno?"

Semkiwa akaitazama kanzu. "Hapana, Mheshimiwa. Nitasema siku nyingine."

Karamu ya pili akaitwa. Safari hii akaanza na shairi:

*Jumbe wetu ni mnara, sisi sote vivulini.*

Mnara gani huo wa kuwafunika watu wote? Lakini mizani ilitimia, vina vikakaa, makofi yakalia. Kisha akasimulia zahanati ya Kilimani yenye kidonge kimoja: kinakatwa katikati, nusu ya kichwa, nusu ya mguu, mwenye tumbo analamba kisu. Jumbe akacheka, akacheka, akaanguka kutoka kitini.

"Mpeni nyumba hapa hapa mjini! Ulikuwa na neno?"

"Hapana, Mheshimiwa. Siku nyingine."

Karamu ya tatu. Hapo ameshakuwa Malenga Mkuu, ana kitambulisho shingoni. Akasimulia machela ya Kilimani. Mgonjwa amelazwa kitandani, wanaume wanne wamembeba, wanavuka mto. Wabebaji wanabishana mpira. Maji yamefika kiunoni. Mgonjwa anainua kichwa, anapiga kelele: "Kushoto! Kushoto, nyie! Polepole kona hiyo!" Mgonjwa ndiye dereva!

Mnacheka? Na wao walicheka. Jumbe alicheka mpaka akafutwa machozi na wake zake.

"Mpeni cheo! Mpeni gari! Ulikuwa na neno?"

Semkiwa hata hakukumbuka kwamba alikuwa na neno. Zama za kanzu, neno lilikuwa kooni. Zama za nyumba, lilikuwa tumboni. Zama za gari, lilishatoka lote.

Mvua zikaja. Bi Mkunde akashikwa na tumbo. Wakamlaza kitandani, wanaume wanne wakambeba hadi mtoni. Maji yamejaa. Wakasubiri yapungue. Hayakupungua. Akafia ukingoni, hospitali inaonekana ng'ambo, hata mapazia yake unaweza kuyahesabu.

Semkiwa akaitwa. Akazunguka na gari njia ya mbali, akafika kanzu inang'aa. Kilimani wakampisha. Hakuna aliyemsema. Heri wangemsema.

Sasa nyie watoto wa simu, utani mnaujua? Namaanisha utani wenyewe, ule wa kabila na kabila. Watu wa Bondeni ni watani wa Kilimani. Ukifiwa, mtani anakuja kukucheka wewe na maiti wako, na huna ruhusa ya kukasirika. Ndiyo mila.

Basi akaja Bi Sikudhani wa Bondeni, mama mnene, sauti ya tarumbeta. Mwili unatolewa nje, akaruka mbele ya jeneza, akainua kichwa kama mgonjwa, akapaza:

"Kushoto! Kushoto, nyie! Polepole kona hiyo!"

Waombolezaji, machozi mashavuni, wakaangua kicheko. Semkiwa akamrukia.

"We mama, huna haya? Unamcheka mama yangu?"

"Toba! Kwani hiki kisa si chako, mtani? Kimetufikia mpaka Bondeni. Wanasema Jumbe alilia kwa kicheko."

"Nilikuwa natafuta riziki!"

"Sawa. Sasa sikiliza, bwana mkubwa." Bi Sikudhani akashusha sauti. "Mimi namcheka Mkunde, lakini maiti nimeosha mimi. Wanangu ndio waliochimba kaburi, matope haya hapa miguuni. Mtani hacheki mikono mitupu. Wewe ulimcheka, ukabeba nini?"

Semkiwa akaitazama mikono yake. Misafi. Laini. Inanukia marashi ya mjini. Akataka ardhi ipasuke, na ardhi ilikuwa imepasuka pale pale, lakini shimo lile halikuwa lake. Akaomba kubeba jeneza. Wakamwambia, "Mabega yametosha, mheshimiwa."

Mheshimiwa! Kwao!

Akarudi mjini na matope kwenye kanzu, hakubadilisha. Karamuni akasimama mbele ya Jumbe. Akasema, leo nasema neno nililotumwa. Akatoa shairi:

*Mama kafia njiani, daraja halijajengwa…*

Jumbe akaanza kutikisika mabega.

"Kafia njiani! Ehe, halafu? Wabebaji wakateleza?"

"Mheshimiwa, mama yangu amekufa."

"Uso wake! Mtazameni uso wake, kama kweli!"

"Namaanisha! Mlicheka, basi ninyi ni watani wetu. Mtani hubeba. Simameni, mkashike majembe, mkajenge daraja!"

Ukumbi mzima ukalipuka. Mmoja akapiga meza. Mwingine akaiga, "Mkashike majembe!" Jumbe akapangusa macho, akahema.

"Aisee, huyu kijana! Mpeni kanzu nyingine, hii imechafuka. Rudia, Semkiwa. Rudia pale pa mama."

Semkiwa akainamisha kichwa. Kila alipofungua mdomo kusema, walicheka kabla hajamaliza. Akanyamaza, wakacheka kule kunyamaza.

Ngano yangu imefika mtoni, haina pa kuvukia. Mwenye miguu mirefu aivushe, mwenye aibu aketi nayo.

Na nyie wakubwa wa viti vya mbele, mnaotuita tuje tuwachekeshe kwenye sherehe zenu, mkatupigia makofi, mkatuvika kanzu: hiki si kisa. Acheni kucheka. Inukeni, mshike majembe, mjenge daraja.