Bi Ndezi na Vichuguu Saba

Ngano, ngano!

*Ipite hapa tuione.*

Ina kweli ndani yake?

*Anza wewe, tutaipima sisi.*

Mizani mnayo?

*Masikio haya mawili.*

Haya, yashikeni vizuri, yasije yakasinzia.

Hapo kale palikuwa na mbuga, na katika mbuga hiyo palikuwa na kisima kimoja. Nasema kimoja. Mvua ziligoma mwaka ule, mito ikawa mchanga, mabwawa yakawa matope, matope yakawa vumbi. Kikabaki kisima. Na ukingoni mwa kisima, chini ya kivuli cha mgunga, akaja akakaa Chui.

Chui akasema, "Kisima hiki ni changu."

Wanyama wakayatazama maji.

Chui akasema, "Maji mtakunywa, mimi si mbaya. Lakini kila asubuhi ya mwezi mpya mtakimbia kutoka jabali lile mpaka hapa. Wenye mbawa hawaruhusiwi kuruka. Atakayefika mwisho ni wangu."

Wanyama wakakubali. Walikuwa na kiu.

Mwezi wa kwanza akafika mwisho Nungunungu, mzee, magoti yanamuuma. Chui akamla. Mwezi wa pili akafika mwisho Kwale, ameteguka mguu. Chui akamla. Mwezi wa tatu akafika mwisho Ndezi mkubwa, mnene, mpole, aliyependa kuimba huku akitafuna matete. Chui akamla, akalamba kucha, akasema hajapata kuonja nyama laini kama ile.

Huyo Ndezi mkubwa alikuwa na mdogo wake, naye ndiye Bi Ndezi wa ngano hii. Mnamjua ndezi? Ni jamaa ya panya, lakini amejaliwa mwili. Kiwiliwili kama kibuyu, miguu mifupi, tumbo linaburura. Bi Ndezi alikuwa hivyo na zaidi, maana tangu dada yake aliwe alikuwa akila bila njaa. Akikumbuka, anatafuna. Akilia, anatafuna. Na ndani ya matete alikuwa na watoto wanne wa kunyonya. Wakimpoteza yeye, hawana mwingine. Mbuga nzima ilikwisha kumhesabu kuwa ndiye wa mwezi unaofuata, na yeye mwenyewe alijihesabu hivyo hivyo.

Nani amecheka hapo nyuma? Ni wewe, Mwanakombo? Cheka tu, mama. Hata wao walicheka.

Basi, kwa kuwa sheria ilikuwa mbio, mbuga yote ikaingia mazoezini. Kila asubuhi utasikia pa-pa-pa-pa, Swala hao. Ti-ti-ti-ti, Digidigi huyo. Bi Ndezi naye siku moja akajikaza akatoka. Pu. Pu. Pu. Hatua kumi, pumzi hana. Hee, hee, hee, ameshika ubavu.

Kanga alikuwa amesimama pembeni na shingo yake ndefu. Akacheka, ke-ke-ke-ke. "Shoga yangu, hapo unakimbia au unatafuta ulichodondosha?"

Wote wakacheka. Nyani akamwambia aache kula jioni. Ngiri akamwambia ale jioni tu. Mbega akamwambia anywe maji ya ukwaju kila akiamka, na maji yenyewe ni ya Chui. Kila mmoja alikuwa na la kumwambia. Hakuna aliyesema, "Njoo tukimbie wote."

Bi Ndezi akarudi nyumbani, akajifunika matete mpaka kichwani, akasema, "Heri Chui anile kuliko Kanga anicheke." Na alisema kutoka moyoni, msidhani ni maneno tu. Aibu inauma, jamani. Inauma kuliko jino.

Mtoto mmoja akamsogelea, akatafuta titi, akanyonya. Bi Ndezi akamtazama. Mtoto ananyonya, yeye anawaza. Akawaza ni saa ngapi mbuga haina macho. Asubuhi wapo. Jioni wapo. Lakini mchana, jua la utosi, kila kiumbe kiko kivulini kimefumba macho, hata inzi. Hata Chui analala, tumbo limeangalia mbinguni.

Kuanzia karibu na kisima kuelekea uwanda mkavu kulikuwa na vichuguu saba, kimoja mbele ya kingine, na katikati yake hakuna mti wala jani. Ni ardhi nyeupe na jua. Mchana huo Bi Ndezi akatoka, akatazama kulia, akatazama kushoto, akajiambia, "Kichuguu kile tu."

Pu, pu, pu. Akafika nusu ya njia, akatapika, akarudi.

Siku ya pili akajiambia, "Kichuguu kile tu." Pu, pu, pu. Kichomi kikamshika ubavuni kama kisu, akakibonyeza, akapumua taratibu, akafika. Akakikumbatia kile kichuguu kwa mikono miwili akalia.

Siku ya tano akajiambia, "Na kile cha mbele tu." Pu, pu, pu. Akafika cha pili. Jua likamchoma mgongo, mgongo ukazoea. Ardhi ikamchoma nyayo, nyayo zikawa ngumu. Cha tatu, cha nne. Siku nyingine alishindwa hata cha kwanza, akarudi, kesho yake akatoka tena. Mwezi ulipokaribia kuisha alikuwa akifika cha saba na kurudi.

Kwa kasi? Wapi. Mwendo ulikuwa uleule, pu, pu, pu. Tofauti ni kwamba ulikuwa hausimami. Na tumbo? Lilikuwapo. Siku moja alijitazama kisimani wakati Chui amelala, akaliona tumbo lake palepale, akasononeka siku nzima. Alidhani amehangaika bure.

Lakini kila alipopita pale mchana aliona jambo jingine. Mwanzoni mwa mwezi kivuli cha mgunga kilimtosha Chui. Katikati ya mwezi mkia ulikuwa juani. Mwishoni tumbo lilikuwa juani. Chui hakuwinda tena. Chakula kilimjia chenyewe kwa miguu, na katikati ya mwezi alidai vya kupoza njaa. Alidai panya, alidai vifaranga, alidai mayai, na mayai ya Kanga aliyala yote kumi na mawili. Akanenepa, akanenepa. Na hakuna aliyemcheka, maana nani amcheke Chui? Basi mwenyewe hakujua.

Mwezi ukaandama. Asubuhi wanyama wakapanga mstari kwenye jabali. Wakatoka, pa-pa-pa-pa, ti-ti-ti-ti, vumbi likatanda. Nyuma kabisa, pu, pu, pu.

Mara Bi Ndezi akamkuta mtu njiani. Alikuwa Kanga. Mwiba wa mgunga ulikuwa umemwingia mguuni, anachechemea, anashika chini, anachechemea. Bi Ndezi akampita. Kwa mara ya kwanza tangu dada yake aliwe, Bi Ndezi alikuwa na mtu nyuma yake.

Angeweza kwenda zake. Mimi ningekwenda, nawaambieni ukweli. Kanga huyu huyu, na ke-ke-ke yake? Ningekwenda na wala nisingegeuka.

Bi Ndezi akasimama. Kama mnadhani alimhurumia Kanga, nalo niwaambie ukweli, hakumhurumia sana. Alisimama kwa sababu mwezi ujao kungekuwa na wa mwisho mwingine, na mwezi ule mwingine, na alikuwa amechoka kumlilia dada yake peke yake huku wengine wakifanya mazoezi.

"Shoga, mbona umesimama?" Kanga akauliza.

"Pita."

"Utakuwa wa mwisho."

"Pita, nimesema."

Kanga akapita, macho chini. Bi Ndezi akakaa kwenye kivuli cha jiwe akangoja. Jua likapanda, likapanda, likafika utosini.

Kule kisimani wote walikwisha fika, wanangoja. Chui ana njaa. Akaituliza kwa maji, gubu-gubu-gubu. Akangoja, akanywa tena, gubu-gubu-gubu. Tumbo likajaa mpaka likawa linasema lenyewe kila akijigeuza, chubwi, chubwi.

Ndipo Bi Ndezi akatokea kwenye kichuguu cha kwanza, ulimi nje. Hee, hee, hee.

"Bwana Chui, nimefika. Wa mwisho ni mimi."

"Sogea."

"Nimekwisha, Bwana wangu. Hata hatua moja sina. Nifuate hapa hapa."

Chui akapima kwa macho. Pale ni karibu. Akainuka, chubwi, akaenda, chubwi, chubwi, akafika. Bi Ndezi yuko kichuguu cha pili. Hee, hee, hee.

"Si umesema umekwisha?"

"Niliogopa, Bwana wangu, miguu ikasogea yenyewe. Sasa nimekwisha kweli. Kile cha mbele sifiki."

Chui akaenda, chubwi, chubwi, akafika. Bi Ndezi yuko kichuguu cha tatu. Hee, hee, hee.

"Ndezi, unanichezea?"

"Nani amchezee Chui? Nimekwisha, Bwana wangu. Kile cha mbele sifiki."

Chui akakasirika. Akajikunja kama zamani alipokuwa akirukia swala, akajipinda, akaruka. Akatua karibu na pale alipoanzia. Puu! Vumbi likapanda, na yeye akabaki ameketi katikati yake.

Kutoka kisimani ikasikika sauti moja, ke-ke-ke-ke. Moja tu, halafu kimya.

Chui akageuka. Wanyama wote walikuwa wanamtazama. Nyuma yake kulikuwa na kivuli, kulikuwa na maji, na njia ya kurudi ilikuwa fupi. Lakini angerudi vipi, ulimi nje, tumbo linasema chubwi, mbele ya macho yale yote? Hakuwahi kuchekwa hata siku moja, hakujua mtu akichekwa anafanyaje. Masikio yakamwaka moto. Akatazama mbele, akaenda.

Kichuguu cha nne. Kichuguu cha tano. Sasa anayesema hee, hee, hee ni Chui. Bi Ndezi amekwisha acha zamani. Amesimama mbele hatua ishirini, kifua kinapanda na kushuka polepole.

"Ubavu unachoma, Bwana?" akamuuliza.

"Unachoma."

"Ni kichomi. Bonyeza kwa mkono, pumua taratibu. Mimi kilinishika siku ya pili."

Chui akabonyeza. Alimfuata tena hadi kichuguu cha sita, na hapo miguu ikamkataa. Akaanguka ubavu juani, ardhi nyeupe kila upande.

"Ndezi," akasema, "nimekwisha."

"Najua, Bwana."

"Rudi. Waambie waniletee maji."

Bi Ndezi akatazama kisimani. Kilikuwa mbali, wanyama wanaonekana kama kokoto. Akasema, "Dada yangu alikuwa akiimba anapokula."

Chui akafumbua jicho moja. "Dada yako yupi?"

Bi Ndezi akamtazama Chui. Hakumbuki, basi. Akakaa chini, akamngoja mpaka pumzi ilipokoma, na haikuchukua muda. Halafu akainuka, akaenda mpaka kichuguu cha saba peke yake, akakigusa, akageuka. Pu, pu, pu, mpaka kisimani.

Wanyama wakampisha. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyempa ushauri. Akainama akanywa maji mpaka akatosheka, akaenda kwenye matete kuwanyonyesha wanawe, maana walikuwa wameshinda njaa tangu asubuhi.

Kesho yake mchana alitoka tena akakimbia, na hakuna aliyekuwa anamfukuza. Alikonda? Hakukonda. Alipungua kidogo mashavuni, basi. Kama mlitaka akonde, mtafuteni msimuliaji mwingine.

Ngano yangu imekaa kitako. Iliyo tamu nendeni nayo, iliyo chungu niachieni mimi, nimezoea.

Msiondoke, funzo bado. Funzo ni kwamba mazoezi yanaua. Miezi minne Chui alikaa kivulini, akala, akanywa, akalala, hakuugua hata mafua. Siku moja, moja tu, akakimbia, akafa. Kwa hiyo kaeni mlivyokaa, nyoosheni miguu, na mkimwona jirani yenu anatoka kukimbia, mrudisheni ndani haraka.

Bi Ndezi je? Naye atakufa tu. Mpeni muda.